Majani ya Ukingoni

Nyumba ya Unovisi, Kihonda
19 Januari 2025

Mjomba Yakobo,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo.

Barua hii nimempa Hatibu, dereva wa lori la kabichi, kwa hiyo ikifika imekunjamana usinilaumu mimi. Amekubali kupita getini kwetu kila akimaliza kushusha mzigo mjini. Simu zetu zote ziko kabatini kwa Sista Lucy, mlezi wetu, na ufunguo anatembea nao mfukoni. Ukipiga ukaambiwa sipatikani, ujue sijapotea. Mwaka huu wa mwisho wa malezi ya unovisi sisi ni watu wa barua, kama zama zenu.

Mimi sijambo. Nimepangiwa chumba cha kushona. Tunashona vitambaa vya altare na kanzu za watumishi, na kazi yangu ni mapindo tu. Sista anayetufundisha cherehani bado hajaniamini na kitu kingine, na akiniangalia nikishona huwa anaguna.

Halafu kuna Kiingereza. Sista Lucy anasema tukishaweka nadhiri tunaweza kutumwa Zambia au Kenya, na hataki twende tukakae kama mabubu. Kila mmoja amempa neno moja linalotokana na kazi ya mikono yake, alifuatilie: maana zake zote, lilikozaliwa, lilivyobadilika. Kabla ya nadhiri kila mtu atasimama aeleze kwa Kiingereza mbele ya masista wote. Mwenzangu wa jikoni amepewa neno la mkate. Mimi nimepewa "hem", yaani pindo la nguo. Herufi tatu! Nilijiona nimependelewa, mpaka nilipofungua kamusi kubwa ya maktaba nikakuta limeandikiwa maelezo marefu kuliko wosia wa mtu aliyekufa na mali nyingi.

Nadhiri za kwanza ni tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria. Mje wote. Mama anaendeleaje na lile goti? Nilimwandikia kabla ya Krismasi, hajajibu. Najua kuandika hapendi. Msalimie sana, pamoja na kaka Jastin, mkewe na watoto.

Mpwa wako,
Paskalia


Mgeta
9 Februari 2025

Mpwa wangu Paskalia,

Marahaba. Milele amina.

Barua imefika salama, inanuka karoti. Miezi yote hiyo kwa neno la herufi tatu? Mimi kwa muda huo napanda njegere, nazivuna, naziuza, na napanda tena. Lakini sisemi kitu, hayo ni mambo ya watawa.

Mama yako mzima. Anakula, anatembea, anagomba. Barua yako aliipata. Anasema atajibu akipata la kusema.

Sasa nina jambo. Unalijua, lakini nakuandikia kwa kirefu ili hata Sista wako akifungua bahasha aone kwamba mjomba si mtu wa fujo. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na ardhi inapita kwa wanawake. Bibi yako alituzaa wawili, mimi na mama yako. Watoto wangu mimi ni wa ukoo wa mama yao na wanalima huko kwao. Watoto wa Jastin ni wa ukoo wa mke wake. Umebaki wewe peke yako. Ukiweka nadhiri, tumbo la bibi yako limefika mwisho, na lile shamba la chini ya kanisa, mama yako akifariki, litakwenda kwa tumbo la dada yake bibi. Yaani kwa akina Wilfred.

Sikukatazi, usinielewe vibaya. Siku tunakuaga nilicheza mpaka kiatu kikapasuka, watu wote waliona. Ila mambo hayajangoja hata mama yako afe. Wilfred amenunua mbuzi wa maziwa, na tangu Novemba anakata matete kwenye ukingo wa shamba la mama yako, ule wa juu unaopakana na kwake. Wewe umezaliwa huku, unajua mashamba yetu ya ngazi mlimani yanavyokwenda. Anayekata majani ya ukingo mwaka huu, mwakani anayapanda yeye, na mwaka unaofuata anakuapia kwamba ukingo ulikuwa wa babu yake. Nilimwambia mama yako. Akasema, "Mwache." Neno moja tu, na akaendelea kuchambua maharage. Nikaona kweli dada yangu amechoka, hata nguvu ya kupigania chake hana. Sikumsumbua tena.

Mungu akuongoze. Na Wilfred naye amwongoze, ikiwezekana mbali na ule ukingo.

Mjomba wako,
Yakobo


Kihonda
2 Machi 2025

Mjomba Yakobo,

Shikamoo.

Nimeisoma barua yako bustanini, nikaisoma tena kitandani. Kuhusu tumbo la bibi, nilikuwa najua, ila hakuna aliyewahi kuniandikia hivyo, mtu kwa mtu, mpaka nikajiona nimesimama mwishoni peke yangu. Sikulala vizuri.

Wilfred anakata mpaka wapi? Hadi kwenye mfereji wa maji au anapita? Mama alisema "mwache" kwa sauti gani?

Nikuambie na habari ya neno langu ucheke. Kuna "hem" nyingine kabisa, ambayo ni ile sauti ya kusafisha koo kabla ya kusema, kama unavyofanya wewe kwenye kikao cha ukoo kila mtu akakaa kimya. Kamusi inasema hizo mbili hazina udugu, zimekutana njiani tu. Ya kwangu ni ya zamani sana, Waingereza walikuwa nayo tangu lugha yao haijafanana na hii ya leo. Mwanzo ni ukingo wa nguo, baadaye ukingo wa kitu chochote. Na ukiifanya kitendo ni kukunja na kushona, lakini pia ni kumzunguka mtu pande zote asipate pa kutokea. Hapo nikafunga kamusi.

Juzi nilishona pindo la kitambaa kikubwa cha altare likaenda upande. Nikafumua lote. Sista wa cherehani akaniambia pindo siyo kitu unachoongeza kwenye nguo, unalitoa kwenye nguo yenyewe, ndiyo maana lazima ukubali kitambaa kipungue kidogo. Mimi nilikuwa nabania kitambaa, ndiyo kikavutika.

Nina swali, na nauliza kwa kutaka kujua tu. Ikitokea novisi akarudi nyumbani kabla ya nadhiri, ukoo unamhesabu bado yumo, au ameshaondoka?

Mpwa wako,
Paskalia


Mgeta
23 Machi 2025

Mpwa wangu,

Marahaba. Swali lako nimelielewa. Sitauliza kwa nini umeuliza. Jibu ni kwamba asiyeweka nadhiri hajaondoka popote. Kiti chake kiko pale pale, na shamba liko pale pale. Hilo nakuandikia kama mkubwa wa ukoo na siyo kama mjomba tu.

Ile habari ya kukohoa imenifurahisha. Jumapili kwenye kikao cha jumuiya nilikohoa, nikakukumbuka, nikashindwa kuendelea.

Sasa la Wilfred nimelimaliza. Sikwenda kugombana naye, maana ukigombana na mtu mwenye mbuzi wanne wa maziwa kijiji kizima kinamtetea. Nilikwenda Jumatatu na panga na jembe, mama yako akiwa gulioni, nikasafisha ukingo mzima kutoka mfereji mpaka kwenye migomba. Matete yote nimeng'oa, na mashina yake. Sasa hakuna majani, na pasipo na majani hakuna mkataji. Ukingo uko mweupe, unaonekana hata ukisimama kanisani. Mama yako aliporudi alisimama pale muda mrefu bila kusema kitu. Nadhani alifurahi akakosa maneno.

Mvua zimeanza vizuri. Kabichi zitakuwa nyingi mwaka huu.

Yakobo


Kihonda
27 Aprili 2025

Mjomba,

Shikamoo. Heri ya Pasaka iliyopita.

Barua yako imenikuta Jumamosi Kuu tukipamba kanisa. Umeng'oa na mashina? Mwezi wa tatu, masika yanaingia? Mjomba, mimi nimeacha jembe miaka mitatu, lakini najua matete yale bibi aliyapanda yashike udongo. Labda umerudishia kitu pale ukasahau kuniandikia. Tafadhali niambie umerudishia kitu.

Huku kunanyesha mchana na usiku, maji ya barabarani yanaingia mpaka getini kwetu. Nikisikia mvua usiku nawaza ule ukingo.

Neno langu linaendelea. Nimefika kwenye asili yake. Wataalamu wanasema, kwa kusitasita, kwamba majirani wa zamani wa Waingereza kule pwani za Ulaya walikuwa na neno la karibu sana na hili, na kwao lilikuwa kipande cha ardhi kilichozungushiwa boma. Shamba, Mjomba. Wajerumani nao wana ndugu yake, na kwao ni kuzuia. Inaonekana kabla ya kuwa la mafundi wa nguo lilikuwa neno la watu wenye mashamba, wanaotaka kitu kikae ndani kisitoke. Nilimwonyesha Sista Lucy. Akaniuliza kwa nini maneno yangu yote siku hizi yanaishia shambani. Nikamwambia ndivyo kamusi ilivyoandika.

Mwambie mama aniandikie, hata mstari mmoja.

Paskalia


Mgeta
11 Mei 2025

Mpwa wangu,

Nakuandikia kwa ufupi kwa sababu mkono wangu umechubuka.

Ukingo umeanguka. Siku ya Mei Mosi ilinyesha tangu alfajiri, jioni ukashuka wote, udongo na mawe, juu ya karoti za mama yako. Nusu ya ngazi ya pili haionekani. Hakuna aliyeumia.

Ninajua utakachosema. Lakini tujiulize, nani alianza? Kama Wilfred asingekata, nisingeng'oa. Mimi nilizuia tu. Hata hivyo watu huku wanapenda kutazama aliyeshika jembe mwisho.

Mama yako hasemi na mimi. Akipita anaangalia upande wa kanisa. Ni majonzi yale, kuona jasho lake limefunikwa. Nguvu zake siyo zile unazozijua, Paskalia. Sitaki kukutisha, sikuandikii ili kukutisha, ila shamba linataka mtu, na huyo mtu ni wewe. Uliniuliza swali mwezi wa tatu. Mimi nilinyamaza, sasa nasema wazi: rudi.

Mjomba wako


Kihonda
1 Juni 2025

Mjomba Yakobo,

Shikamoo. Pole kwa mkono, na pole kwa mama.

Nimekwenda kwa Sista Lucy jana baada ya masifu ya jioni. Nimemwambia sitaweka nadhiri, narudi nyumbani. Nimemweleza kila kitu, ukingo, karoti, tumbo la bibi, kwamba mama amebaki peke yake na nguvu hana na kwamba hakuna mtoto mwingine wa kike. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza kama kuna sababu nyingine. Nikasema hakuna. Akatengeneza mikunjo ya kitambaa cha meza, akaniuliza tena. Nikasema hakuna, ni mama tu.

Amesema atawasiliana na nyumbani kwanza, ndiyo utaratibu. Mimi nimeshaanza kukabidhi kazi. Sijui kwa nini nakuandikia nikiwa mwepesi hivi, wakati habari yenyewe ni ya msiba wa shamba. Naomba usimwambie mama mpaka nifike, asije akaona amenitoa kwenye wito wangu.

Mpwa wako,
Paskalia


Mgeta
12 Juni 2025

Paskalia mwanangu,

Ni mimi mama yako, naandika kwa mkono wangu. Darasa la saba nilimaliza, ingawa mjomba wako anapenda kusahau.

Sista wako alimpigia Padre, na Padre akaniita ofisini niongee na Sista kwenye simu. Akaniambia, "Mama, pole sana kwa hali yako, binti yako anarudi akusaidie." Nikamwuliza, "Hali yangu ipi, Sista?" Padre akainua macho akaniangalia. Nikamwambia Sista nitampigia tena nikishaijua hali yangu.

Nikaenda kwa mjomba wako. Alianza kukohoa. Nikamwambia aache kukohoa, alete barua. Nimezisoma zote pale kwake mezani, na aliyokuandikia yeye akanisimulia mwenyewe, amesimama mlangoni na kofia mkononi.

Nyie wawili mmelijadili shamba langu tangu Februari. Nani atarithi, nani anakata, nani arudi. Mmejadili na kifo changu, kana kwamba tarehe imeshapangwa. Hakuna hata mmoja aliyekuja kuniuliza mimi. Wewe ulinitumia salamu na kuniulizia goti. Unamwuliza mjomba wako mama alisema kwa sauti gani! Si ungeniuliza mwenyewe? Imeniuma sana hiyo. Mimi ni mzima, mwanangu. Leo asubuhi nimepalilia figiri matuta manne kabla jua halijatoka.

Sasa sikiliza. Wilfred anakata yale matete kwa sababu mimi nilimwambia akate. Sina mbuzi, yeye anao, na majani yake hayamtoshi. Anakata juu, anaacha shina, na yanachipua vizuri kuliko nilivyokuwa nayaacha yazeeke. Yeye ananiletea maziwa asubuhi na samadi ya kabichi. Nilipomwambia mjomba wako "mwache," nilitaka amwache. Yeye akaona nimekata tamaa, akaenda kuniokoa wakati sipo. Na nilipofika nikasimama pale, sikuwa nimefurahi. Nilikuwa natafuta neno ambalo mtu anaweza kumwambia kaka yake mkubwa bila kwenda kuungama.

Siku ukingo ulipoanguka, wa kwanza kufika alikuwa Wilfred, kabla mvua haijakatika. Halafu Jastin na mkewe. Mjomba wako alikuja siku ya tatu, akabeba mawe bila kuambiwa, ndipo mkono ukachubuka. Hilo alikuandikia nusu. Tumepanda matete mapya, mbegu ametoa Wilfred kwake, na yameshashika. Karoti zimekwenda, basi. Hata mwaka juzi zilikwenda kwa baridi.

Habari ya tumbo la mama yangu kufika mwisho, mimi siyo mjinga, nimeijua tangu siku uliponiambia unataka utawa. Niliilia peke yangu, nikamaliza, ndipo nikakukubalia. Mke wa Jastin siyo wa ukoo wetu na watoto wake siyo wa ukoo wetu, lakini ndio ninaolima nao kila siku. Nitakalosema juu ya shamba langu nitalisema nikiwa hai, mbele ya kikao, na ukoo utanielewa au utanuna. Hilo ni langu, na mjomba wako nimeshamwambia.

Lililobaki ni lako. Kama utawa unaupenda, kaa huko, sisi tutakuja tarehe kumi na tano tumevaa sare. Kama huupendi, sema huupendi. Lakini kusema unarudi kwa sababu ya mama hana nguvu, hapo nimekukatalia. Sitabebeshwa hilo. Nikikuta watu gulioni wananionea huruma kwa ugonjwa nisioumwa nitawaambia hivyo hivyo.

Na kitu kimoja nimekiona kwenye barua zako ambacho mjomba wako hakukiona. Lile swali la novisi kurudi nyumbani ulimwuliza mwezi wa tatu mwanzoni. Ukingo wangu ulikuwa bado umesimama.

Mama yako,
Magdalena


Kihonda
22 Juni 2025

Mama yangu,

Shikamoo mama.

Nimeanza barua hii mara kadhaa. Kwanza nisamehe kwa kutokuuliza. Nilisoma pale uliposema imekuuma, nikatoka nje, nikalia nyuma ya chumba cha kushona mpaka sista wa cherehani akaja, na kwa mara ya kwanza hakuguna.

Umeona sawasawa. Sitaki utawa, mama. Sina kisa cha kukusimulia, hakuna aliyenitendea vibaya. Masista hawa ni watu wema, na Sista Lucy nampenda. Lakini tangu mwaka jana, wenzangu wakiongea juu ya siku ya nadhiri wanang'aa, na mimi nahesabu nguo za kushona. Nikisikia lori likibadilisha gia kuelekea mlimani nasimamisha cherehani nasikiliza mpaka lipotee. Nataka kuwa na nyumba yangu, na watoto, na kelele. Nilimwomba Mungu aniondolee hayo mawazo, hakuyaondoa, na sasa sidhani kama yalikuwa ya kuondolewa.

Niliogopa kusema. Jumuiya nzima ilichanga kuniaga. Akina mama walinivika kanga mpaka nikashindwa kutembea. Padre alinitaja madhabahuni. Nitawaambiaje hao wote kwamba nimebadilika tu, bila sababu wanayoweza kuishika? Mjomba aliponiandikia habari ya shamba nilipata sababu ya heshima, ya binti mwema anayerudi kumsaidia mama yake. Nilifurahi, mama. Ukingo wako umeanguka, na mimi nilifurahi. Hicho ndicho kinachonitia aibu kuliko kurudi kwenyewe.

Jana nimerudi kwa Sista Lucy nikamwambia ukweli. Akasema alikuwa anausubiri, na ndiyo sababu aliuliza mara mbili. Hakukasirika. Ameniomba tu nisiondoke kabla ya kuwaeleza masista neno langu, kwa kuwa kazi iliyoanzwa inamalizwa. Nimelieleza leo baada ya chakula. Kiingereza kilinipiga chenga mara mbili tatu lakini nilifika. Nilisema "hem" ilianzia kwenye shamba lililozungushiwa boma, au ndivyo wanavyodhani, ikahamia kwenye nguo, na mpaka leo ina maana ya kumzingira mtu na maana ya kuzuia kitu kizuri kisifumuke, zote mbili, na kamusi haichagui. Sista mzee mmoja akauliza mimi ningechagua ipi. Nikasema bado sijui, nitalazimika kuishi kwanza. Walipiga makofi. Nadhani walikuwa wananiaga.

Sasa mpango wangu ni huu. Hatibu ana lori linalopanda jioni. Tutafika Mgeta giza limeshaingia. Nitashukia kwenye kona ya shule, sitafika sokoni, nipite njia ya juu na sanduku langu ili watu wasinione. Asubuhi watanikuta tu nipo, na maswali yatakuja polepole. Usimwambie mtu siku. Unifungulie mlango wa nyuma, nitagonga taratibu.

Binti yako,
Paskalia


Mgeta
29 Juni 2025

Paskalia,

Marahaba.

Lori la jioni usipande. Panda la asubuhi, siku ya gulio, lile linalokuja kupakia. Ushuke katikati ya soko, na sanduku lako, jua likiwa juu na watu wote wakiwepo. Usipite njia ya juu. Ile ni ya mwizi, na wewe hujaiba.

Mimi nitakuwa nimesimama hapo barabarani tangu asubuhi. Atakayeuliza umerudi kwa nini nitamjibu mimi: amerudi kwa sababu ametaka.

Mama